Odeta Chenge: Mtunza bustani anayewarudishia marehemu maua yao

Jua bado halijaufikia mwamba uliopasuka, na ziwa huko chini lina rangi ya bati jipya. Odeta Chenge amepiga magoti kwenye mteremko. Kofia yake pana ya ukindu ameivuta mpaka kwenye nyusi, ingawa hakuna jua la kujikinga nalo. Anamimina maji kidogo kidogo kutoka kwenye dumu la njano, mahali ambapo mpita njia angeapa kwamba hapana kitu.

Kipo kitu. Ukiinama utaona majani membamba ya kijani kibichi yametokeza kwenye udongo mkavu wa Agosti, kama ulimi wa mtu anayetaka kusema neno. Hatua mbili pembeni yapo mengine yanayofanana nayo. Odeta anayamwagilia na hayo, kwa kipimo kilekile.

"Siwezi kumpa mmoja nikamnyima mwenzake," anasema bila kugeuka. "Sijui nani ni nani."

Anasema "nani" kwa sababu hapa ni makaburini. Ukitazama huwezi kujua. Hakuna uzio, hakuna kibao, hakuna njia. Kuna vichaka, mawe, na mbuzi wawili wa mtu. Mlima uko nyuma ya Mabatini, na vijana wa chini huupanda kuja kutafuta mtandao.

Wenye kumbukumbu tunakumbuka. Kibao kilikuwepo, bati jeupe lenye maandishi meusi. Kiling'olewa kikauzwa chuma chakavu, na hakuna ofisi iliyouliza kimekwenda wapi. Uzio uliahidiwa kila ulipofika msimu wa kuombana kura, ukasahauliwa kila kura zilipokwisha kuhesabiwa. Hapa walizikwa kuli, vibarua wa kuparua samaki, mama ntilie, watoto wa nyumba za kupanga. Watu walioubeba mji huu mabegani, na mji ukawabwaga kwenye kichaka.

Odeta ana umri wa miaka hamsini na tatu, mkazi wa Mkolani, mjane, mama wa watoto wanne waliokwisha kujitegemea. Kwa miaka kumi na moja amekuwa kibarua katika bustani ya umma iliyo kando ya ziwa. Analipwa shilingi elfu saba kwa siku, na siku ya mvua kubwa halipwi, kana kwamba mvua ameileta yeye.

Bustani hiyo unaifahamu. Kama umefunga ndoa Mwanza mwishoni mwa mwaka jana, au umemsindikiza aliyefunga, huenda umepiga picha mbele ya lile tuta refu la maua linalofuata ukuta, maua meupe na mekundu yamesimama wima juu ya majani ya zambarau. Kaangalie picha hiyo ukutani kwako. Maua yaliyo nyuma ya shela la bibi harusi yamechimbwa vichwani mwa marehemu.

Yamechimbwa na Odeta. Hilo analisema yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, akilitazama dumu.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana. Bustani imepewa mzabuni, kampuni ambayo jina lake limepakwa rangi kwenye ubao wa getini na kila apitaye analisoma, kwa hiyo hatuna haja ya kulisafisha kwa kulirudia hapa. Msimamizi wa mzabuni huyo, anayeitwa Nestory, alimwita Odeta asubuhi moja akamwonyesha ukuta uliochakaa.

"Mama Odeta, kuna ugeni unakuja mvua zikianza. Nataka huu ukuta wote uwe maua."

"Miche iko wapi?"

"Wewe si ndiye mtaalamu? Tafuta."

Odeta anakumbuka jibu alilompa. "Nilimwambia, hata mganga akitaka kutibu huagiza kuku. Wewe unaniagiza maua kwa mikono mitupu. Akacheka. Akasema, mama, mimi nataka matokeo, sitaki mithali."

Fedha ya miche ilikuwepo kwenye zabuni au haikuwepo? Tulimuuliza Nestory. Alisema hilo ni suala la ofisi. Tukaenda ofisini. Ofisi ikasema hilo ni suala la Nestory. Basi tukajua jibu.

Odeta akaanza kuzunguka na toroli. Kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kiseke aliomba vipande vya yale majani ya zambarau yanayotambaa. Kwa jirani yake wa Mkolani alipata mashina ya maua ya buluu yanayodumu mwaka mzima. Kanisani kwake, kwenye ua wa nyumba ya padri, alipewa maua ya njano yaliyozidi na kubanana. Yote hayo ni maua ya kudumu. Lakini tuta la maua ya kudumu peke yake, anasema, ni kama kwaya yenye besi tupu. Alihitaji yanayopaa, yaani maua ya vitunguu, yale ambayo mbegu yake ni kitunguu kinacholala ardhini kiangazi chote na kuamka na mvua.

"Kitunguu ni mgeni," anaeleza, na hapo tu ndipo mikono yake inapoanza kuchangamka. "Anakuja na mvua, anapendeza, watu wote wanamwangalia yeye. Wiki chache, basi. Majani yake yanalala, yanageuka manjano, yanaoza. Na huruhusiwi kuyakata, maana ndiyo yanayompelekea chakula cha mwakani huko chini. Sasa watu wanaona uchafu. Ndiyo maana unampandia jirani wa kudumu, asiyeondoka. Majani ya jirani yanamfunika. Kazi ya jirani ni kumfichia aibu."

Mikono inarudi mapajani.

Aliyemwambia kwamba mlimani kuna vitunguu vya bure ni muuza mkaa mmoja aliyepita bustanini. Odeta akapanda na kibarua mwenzake, Shimba, mzee wa maneno mengi anayemaliza mwaka wa tisa akiahidiwa mkataba. Wakakuta vichwa vikavu vya maua vimesimama kichakani. Wakaanza kuchimba.

"Vilikuwa vimepangana," Odeta anasema. "Kimoja, halafu nafasi. Kimoja, halafu nafasi. Porini hakuna kinachopiga foleni. Na ile nafasi katikati, ukiitazama vizuri, ilikuwa ya mtu aliyelala."

Uliitazama vizuri?

"Niliitazama. Ndiyo maana nakwambia."

Shimba, ambaye tulimkuta bustanini akinoa slesha yake ya kufyekea nyasi, hakuficha. "Nilimwambia, mayu, mama yangu, hapa mbona kama kuna kipande cha msalaba? Kimeliwa na mchwa, lakini kuna misumari. Akaniambia, kuni za watu hizo, chimba." Anatema mate pembeni. "Nami nikachimba. Usiandike kwamba Shimba alikataa. Shimba alichimba, tena kwa bidii, maana jua lilikuwa kali na nilitaka kushuka."

Walipanda mlima siku tatu. Kila siku walishuka na gunia moja, na kila gunia Odeta alilipanda jioni ileile.

Mvua za Oktoba zilipofika, tuta likaamka. Waliokuwepo watasema kama tunaongeza chumvi: watu walisimamisha pikipiki barabarani kutazama. Meupe matupu, meupe yenye mstari wa pinki katikati ya kila jani la ua, mekundu ya mviringo kama kichwa cha brashi. Ugeni ulikuja, ukapiga picha, ukaondoka. Nestory akapongezwa. Odeta akapewa soda, na kofia ileile ya ukindu aliyonayo kichwani leo.

Wapiga picha wakahamia hapo na maharusi wao. Sisi wengine tukapita tukasema, kumbe mji wetu ukitaka unaweza. Tulisema hivyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maua yametoka wapi. Maskini akileta kitu kizuri hatumuulizi amekitoa wapi, mradi sisi hatukulipia.

Aliyeuliza ni mtu mmoja tu. Jina lake Ayoo Odera, fundi cherehani wa Mabatini, anayeshona sare za shule. Novemba alimleta binti yake, Favour, kupiga picha ya kipaimara. Mpiga picha akampanga binti, akamwambia mama asogee kidogo asiingie kwenye picha. Ayoo akasogea, akageuka, na uso wake ukakutana na ua jeupe lenye mstari wa pinki.

Ayoo alimwendea mwanamke aliyekuwa akifagia. "Dada, samahani. Hili ua mmelitoa wapi?"

"Porini," Odeta akajibu.

"Pori gani?"

"Pori tu, mama. Kwani pori lina jina?"

Waliokuwepo wakacheka. Odeta naye alicheka. Anasema kicheko hicho ndicho kinachomwamsha usiku, kuliko hata jembe. "Jembe nilishika kwa sababu ya kazi. Kucheka hakuna aliyenituma."

Ili ieleweke, lazima tueleze lile ua lilikuwa nini kwa Ayoo.

Ayoo ni Mjaluo wa Rorya, mkoani Mara. Kwao mtu huzikwa nyumbani, penye boma lake, si mjini kwa watu. Mama yake, Selina Odoyo, alikuja Mwanza kutibiwa, akafia hapa, na familia haikuweza kukodi gari la kumrudisha. Wakamzika mlimani, kwa msalaba wa mbao za kreti. Ayoo akaenda Rorya peke yake, akachimba kitunguu cha ua lililokuwa karibu na ghala la mama yake, akakileta kwenye mfuko wa unga, akakipanda kichwani mwa kaburi.

"Nilijua msalaba utaliwa na mchwa," anasema Ayoo. "Saruji sikuwa nayo. Ile kitu inarudi yenyewe kila mwaka. Nikasema, hiyo ndiyo saruji yangu."

Hakuwa peke yake. Familia kadhaa zilizozika mlimani zilifanya hivyo, kila moja na ua la kwao: la Ukerewe, la Magu, la Sengerema. Wasio na jiwe waliandika kwa maua. Na mji wetu, ambao unajua kusoma mabango ya soda kutoka ng'ambo ya barabara, haukujua kusoma maandishi hayo.

Kesho yake Ayoo alipanda mlima. Alikuta mashimo.

Alirudi bustanini mchana, wakati wa chakula, vibarua wote wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Hakupiga kelele. Magoti yake yalikuwa na udongo. Alisimama mbele ya Odeta akasema, "Pori lina jina. Linaitwa Selina Odoyo."

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Habari ilishuka mjini haraka kuliko maji ya mvua. Watu wa mtaa walijaa getini. Mzabuni alifunga ofisi siku mbili, na alipofungua, maneno yake yalikuwa haya, tunayanukuu kama Nestory alivyotuambia bila hata kukohoa: "Sisi tuliagiza maua. Hatukuagiza makaburi."

Ndiyo usafi wao huo. Aliyeagiza maua bila fedha, aliyeacha mlima bila uzio, aliyeacha kibao kikauzwa kilo kwa kilo, wote wakanawa mikono kwenye beseni moja, na maji machafu wakammwagia mwanamke wa Mkolani. Watoto wa shule wakipita bustanini walimwita Mchimba Makaburi. Muuza nyanya wake wa siku zote alimwekea chenji kwenye meza badala ya kumpa mkononi. Kwenye jumuiya yake ya sala hakufukuzwa na mtu, aliacha kwenda mwenyewe.

"Wangeniuliza nia ya sala," anasema. "Ningesema nini? Mwombeeni aliyewafukua wenzenu?"

Ndipo alipoanza kuivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Tulimwambia, na tulitaka aliseme kwa mdomo wake liandikwe, kwamba aibu hii si yake. Kwamba kuna wenye aibu hii wanaokaa kwenye viti vinavyozunguka. Odeta alitikisa kichwa kabla hatujamaliza.

"Usinisafishe, mwanangu. Hao unaowasema nawajua, na Mungu anawajua. Lakini msalaba niliuona mimi. Shimba aliniambia, nikasema kuni. Ukiandika kwamba nilitumwa tu, utakuwa umenifanyia kama ninavyofanyia vitunguu. Umenipandia jirani wa kunifunika."

Tumeandika kama alivyotaka. Hasira yetu tunabaki nayo, kwa wale wa viti.

Kwa miezi kadhaa wanawake hao wawili hawakusemeshana. Ayoo alipanda mlima kila Jumapili kutafuta. Tatizo lake lilikuwa moja, na alilisema kwa shida, akizungusha tepu ya kupimia kwenye vidole. Alikuwa na miaka mitatu hajalitembelea kaburi.

"Nilikuwa naona aibu kumwangalia. Nimemwacha mama yangu ugenini. Nikawa najiambia, nitapanda nikipata fedha ya kumrudisha. Fedha haikuja, na mimi sikupanda. Mvua zikasawazisha udongo. Nilipofika sikuweza kusema ni hapa au pale. Nilikuwa nategemea ua."

Mteremko wote ulikuwa mashimo. Angechagua lipi?

Halafu mwezi wa tano simu ikapigwa kutoka Rorya. Wajomba wamekaa, wameamua. Baada ya mavuno, mwezi wa tisa, wanakuja Mwanza kuchukua mabaki ya dada yao, wampeleke akalale kwenye boma lake. Na wamesikia maneno kwamba kaburi halionekani. Kama halionekani, watafanya inavyofanywa kwa aliyepotea majini au vitani: watazika tunda la mwegea, lile refu ambalo Wajaluo huliita yago, badala ya mwili.

Siku hiyo Ayoo aliacha cherehani ikiwa na sare juu yake, akashuka bustanini moja kwa moja.

"Wanataka kuzika tunda," akamwambia Odeta. Ni mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya pori. "Mama yangu si tunda. Wewe ulichimba. Sema ulichimba wapi."

Odeta alisimama na reki yake. Vitunguu vilikuwa vimekwisha kulala, majani yamekauka, tuta lote limebaki maua ya kudumu tu. Hakukumbuka shimo kwa shimo. Alilitazama tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo alipoona kitu alichokuwa amekipanda kwa mikono yake mwenyewe bila kukijua.

Gunia la kwanza lilishuka siku aliyotoka Kiseke na majani ya zambarau. Kwa hiyo vitunguu vyote vya gunia hilo vilifunikwa kwa zambarau. La pili lilikutana na mashina ya buluu. La tatu likakutana na maua ya njano ya padri. Alikuwa amewapa wageni wenyeji kwa mpangilio ule ule alioupandia mlima.

"Mama Favour," akasema, "la mama yako lilichanua wapi? Penye majani gani?"

Ayoo hakuhitaji kufikiri. Ipo picha ya kipaimara, na kwenye picha ile, nyuma ya bega la Favour, ua limesimama juu ya majani ya zambarau.

"Zambarau ni gunia la kwanza," Odeta akasema. "La kwanza tulichimba chini ya mwamba uliopasuka. Kwingine tulikuwa hatujafika."

Walipanda pamoja jioni hiyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, bila maongezi. Chini ya mwamba, pale ambapo mtu akinyoosha mkono anaugusa, kulikuwa na mabonde mawili tu ya makaburi, yamelala sambamba. Mlima mzima ulikuwa umepungua ukawa watu wawili. Mmoja ni Selina Odoyo. Mwingine ni mtu aliyezikwa baadaye, hakuna ajuaye ni nani.

Vitunguu vya hapo, vilivyokuwa vimezaana mashada mawili ya kujaza gunia, Odeta anakumbuka, vilichanua vyote vyeupe: shada moja lina mstari wa pinki, moja halina. Majani yake hayana tofauti. Kukirudisha pale kitunguu kilichong'olewa hakusaidii kitu, maana hakumbuki kilitoka shimo lipi. Lakini Odeta alikuwa na jambo moja la kuongeza, na hilo analisema kama mtu anayetaja ubaya wake mwingine.

"Siku zile nilichimba kwa pupa. Ukichimba kitunguu kikubwa kwa pupa, hutoki na vyote. Vinakatika, wanabaki watoto chini. Mtunza bustani mzuri haachi watoto. Mimi nilikuwa na haraka."

Akaingiza vidole kwenye shimo la kwanza, akakuta mtoto. La pili, akakuta mwingine, mnono, mkubwa wa kutosha kuchanua.

Tangu Juni anawapandishia maji. Kazi bustanini inaanza saa moja, kwa hiyo yeye anakuwa hapa kabla ya hapo. Vitunguu kwa kawaida husubiri mvua ya Oktoba. Yeye anawadanganya kwamba mvua imefika, ili wachanue kabla wajomba hawajafika.

Huku chini mambo hayakukaa kimya. Julai, Nestory alikuja na fundi wa kupima. Ofisi imechoka na maneno, akasema. Tuta ling'olewe, kando ya ukuta papigwe sakafu ya matofali, biashara iishe.

"Mama Odeta, anza upande huu."

"Sing'oi."

"Unasemaje?"

"Nimesema sing'oi. Siku ile ulisema chimba, nikachimba. Leo nimekataa. Hapa kuna watu wengi, si wa Mama Favour peke yake. Acha yachanue mara moja, wenyewe waje, kila mtu aseme hili langu. Mimi nitaangalia yuko kwenye zambarau, kwenye buluu au kwenye njano, nitawapeleka mlimani. Baada ya hapo weka hata lami."

Shimba, aliyekuwa amekaa juu ya toroli, akaingilia. "Bosi, we weka tu matofali. Ila mimi nisingekaa nyumba moja na wewe. Hawa marehemu wakikosa ua lao kichwani mwao, watakufuata kulidai mlangoni kwako."

Nestory alimwangalia kuona kama anatania. Shimba hakuwa na uso wa utani. Fundi wa kupima alikunja futi yake taratibu. Nestory akasema basi, mpaka mvua, wala siku moja zaidi, na kwamba siku ambazo Odeta amekataa kazi hatalipwa. Hakulipwa.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya kuandikwa sasa na si baadaye. Kama una mtu wako mlimani nyuma ya Mabatini, na ulimwekea ua kwa sababu hukuwa na saruji, tuta litachanua mvua zikianza. Njoo. Usione aibu kwamba umekaa miaka hujamtembelea. Wenye aibu kubwa zaidi wako wengi mbele yako kwenye foleni, na sisi tuliopita tukasifia maua tumo.

Leo asubuhi, Odeta anapomaliza dumu la kwanza, mtu anasikika akihema akipanda. Ni Ayoo, na dumu la pili mkononi. Amevaa koti la mvua juu ya kitenge kwa ajili ya umande.

"Mwangaluka," anamsalimia, kwa Kisukuma cha kuazima.

"Mwangaluka, Mama Favour."

Ayoo anainama juu ya shimo la pili, lile la mtoto mnono. Katikati ya majani yake kumetokea kitu ambacho juzi hakikuwepo: kichwa cha ua, kimechongoka, bado kimefungwa kwenye ganda lake la kijani. Ananyoosha kidole, anakirudisha bila kugusa.

"Litafunguka lini?"

"Jua likiendelea hivi, kabla ya Jumapili."

"Na kama halina mstari?"

"Basi mama yako ni huyu mwingine. Wote wawili hawawezi kutudanganya."

Ayoo anakaa juu ya jiwe. "Sijakusamehe," anasema. Anaongea kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nataka ujue. Naleta maji kwa ajili ya mama."

"Najua."

"Na huyu asiye mama yangu? Nikishamchukua wangu?"

"Huyo nitaendelea kumletea mimi. Mpaka aje mwenyewe aliyempanda."

Mpango wa Odeta ni huu, na hauna mambo makubwa. Mvua zikianza atasimama kwenye tuta kuwapokea wenye maua. Kiangazi kikija, vitunguu vikilala, atavichimba taratibu, bila kuacha watoto, avipandishe mlimani kimoja kimoja. Tutani yatabaki maua ya kudumu, na mapengo. Mapengo hatayaziba. Anataka watu wayaone.

Lakini kabla ya hayo kuna wajomba wa Rorya, wazee watano, mwezi ujao. Ayoo alikwisha kumwambia kwamba si lazima awepo. Atawaambia tu kwamba ni mambo ya mji. Odeta alikataa. Atakuja, atasimama karibu na mwamba, na watakapouliza ni nani aliyeng'oa, atajibu yeye kabla Ayoo hajafungua mdomo.

"Watakutukana," Ayoo anamwambia. "Hujui wajomba zangu. Mmoja ana fimbo."

"Watukane."

Jua linaufikia mwamba sasa, linashuka kwenye ufa wake mpaka kwenye majani yale ya kijani. Odeta ananyanyuka, anapangusa magoti, anakusanya madumu yote mawili. Saa moja inakaribia, na bustani inamsubiri.

"Ila siku hiyo," anasema, "sitavaa kofia."